Wifi Yangu, Kampala Huchaguliwa Mtaa kwa Mtaa

Kansanga, Kampala

Wifi yangu mpendwa,

Mimi mzima, ila miguu imekufa kwa vilima vya watu. Mahafali ya mpwa wetu yamekwisha salama, joho kalirudisha, picha nitakuja nazo. Leo nakuandikia kuhusu lile ulilonituma: yule binti wa Uvira anayeshona kwa fundi wako hapo Mwanga, Kigoma, na anayetaka kumfuata dada yake huku. Uliuliza kwa nini hawa Wakongo wanavuka ziwa, wanafika kwetu, halafu wanazunguka nchi nzima ili waende Uganda. Kigoma kumekosa nini? Basi nimeuliza, na wewe unanijua nikianza kuuliza. Jibu fupi ni kwamba Kampala mkimbizi anapanga chumba na kuweka cherehani barazani bila kujificha. Jibu refu ndilo hili. Chukua chai yako ukae.

Safari yenyewe nisikuchoshe nayo. Mwanza, Bukoba, Mutukula pasi ikagongwa muhuri, kisha Masaka. Lukaya basi likavamiwa na wauza kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za makaa, nami nikala mpaka nikaona haya. Kayabwe tukaupita mstari wa ikweta, watalii wamejipanga kupigwa picha kama kwamba wamemwona rais. Jioni tukaingia mjini kwa njia ya Natete, na hapo msongamano ukatumeza.

Nimefikia Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, jirani na kile Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala ambacho wanakiita KIU. Watanzania wanaosoma hapa ni wengi, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilidhani nimeamkia Gongo la Mboto kule Dar es Salaam. Lakini tembea hatua chache tu. Duka la kwanza ni la Mganda. La pili kibao chake kina herufi za Kitigrinya, ndani vijana wa Eritrea wanakunywa kahawa kwenye vikombe vidogo, bila haraka. Teremka kuelekea Kabalagala, unasikia gitaa la Kikongo kutoka baa moja na mahubiri ya Kiswahili kutoka ghorofa ya juu yake, na wote wawili vipaza sauti vimefunguliwa mpaka mwisho. Sijui Mungu anamsikiliza nani.

Nilipoanza kuuliza wageni gani wanakaa wapi, nilicheka mwenyewe, maana kila mtu alinijibu mara moja bila kufikiri. Wasomali? Kisenyi. Waeritrea? Kansanga na Kabalagala. Wakongo? Nsambya, Katwe, Makindye, na kadiri kodi inavyopanda wanasogea nje, Masajja na Ndejje. Hakuna ofisi iliyogawa mitaa hiyo. Wa kwanza alipata chumba, akamwita mdogo wake, mdogo wake akamwita jirani, jirani akaja na mchungaji, mchungaji akafungua kanisa, na kanisa likishafunguliwa basi mtaa umekuwa wao. Mama mmoja wa Bukavu aliniambia hakuwa akijua lolote kuhusu Kampala alipopanda basi mpakani Bunagana. Alikuwa na namba moja ya simu na jina moja, Nsambya. Hakuja mjini, wifi, alikuja Nsambya.

Mpwa wetu, ambaye siku hizi hakuna jambo asiloligeuza somo la historia, akaniambia hata Wairishi waliokwenda Marekani walifanya hivyohivyo. Viazi vyao vilioza kuanzia mwaka 1845, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi. Waliokwenda Boston, New York au Chicago, wengi walifuata barua na nauli aliyotuma dada au binamu aliyetangulia, si ramani. Na Waganda nao wana Nsambya yao huko: ukimtaja Mganda wa Marekani, wenzake watakuuliza kama yuko Waltham, mji mdogo ulio karibu na Boston. Kwa hiyo mama mwenye nyumba wa Kampala anayelalamika kwamba Wakongo wamejazana mtaa mmoja, mwulize mwanawe aliyeko ng'ambo anakaa na nani.

Sasa nije kwenye swali lako la Kigoma. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, maana jambo lenyewe ni zito na kwetu hatulisemi sana. Wewe unajua Nyarugusu kuliko mimi, kambi iko pale Kasulu tangu 1996. Mtu anazaliwa kambini, anaoa kambini, na kwa sheria yetu ya 1998 akitaka kutoka lazima awe na kibali. Kilomita nne na umefika mwisho. Biashara zake zikikua anaambiwa azifunge. Uganda walikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1960, wakaiweka kando, wakatunga nyingine mwaka 2006 na kanuni zake mwaka 2010. Hiyo inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufanya biashara na kwenda atakako nchini. Ndiyo sababu nchi hii ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na hukuti ua wa waya.

Usije ukadhani ni ukarimu mtupu. Wengi wa hao milioni wako kwenye makazi ya mashambani kama Nakivale kule Isingiro, iliyopo tangu mwisho wa miaka ya 1950 walipokuja Watutsi wa Rwanda. Huko wanapewa kipande cha ardhi cha kulima, na baadhi yao posho ya chakula. Ukichagua Kampala, umechagua kuviacha hivyo vyote. Serikali inakuhesabu kuwa mtu anayejitegemea: unga wako, kodi yako, dawa zako. Watu zaidi ya laki moja waliojiandikisha wamekubali sharti hilo. Na tangu mgao wa chakula ulipoanza kupunguzwa mwaka 2020 kwa sababu wafadhili wamechoka, wengine waliokuwa makazini wameona bora njaa ya mjini, kwa kuwa mjini angalau unaweza kuitafutia dawa mwenyewe.

Kuna mzee wa Kiganda aliyenikumbusha, kwa heshima lakini akinitazama sana, kwamba hata wao waliwahi kuwa wageni wa watu. Wakati wa Amin Waganda walijaa Nairobi na Dar es Salaam, na Museveni mwenyewe alikaa kwetu miaka ile ya 1970 akipanga vita vyake. "Nyinyi mlitupokea vizuri," akasema. Sikumtajia zile kilomita nne.

Basi nikuambie siku ya huyo mama wa Bukavu, maana alinikubalia nifuatane naye, na ukiijua siku yake umejua Kampala ya Wakongo. Anauza vitenge kwa kutembeza. Saa kumi na mbili asubuhi ameshachota maji kwa jerikeni kwenye bomba la ua, watoto wamekunywa uji. Chumba chake ni kimoja, hapa wanakiita muzigo, vyumba vimepangwa mstari, choo cha pamoja mwishoni, umeme wa kununua kwa tokeni wanaouita Yaka. Kodi nilizotajiwa huanzia shilingi laki moja za Uganda, yaani kama elfu sabini za kwetu, hadi laki mbili na nusu kutegemea mtaa, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu kwa mkupuo. Akisikia lafudhi ya Kongo anaongeza kidogo. Hilo nimelisikia kwa watu wengi mno hata siwezi kutoliamini.

Saa mbili tuko mjini kati. Anachukua mzigo kwa mkopo kwa tajiri wake, vitenge vya yadi sita vilivyokunjwa vizuri, vingi vimetoka China hata kama nembo yake inasema mambo mengine. Vitatu mkononi, vingine begani, vilivyobaki kwenye mfuko mgongoni. Kisha kutembea. Nikasema mama, hatupandi boda? Akanitazama tu. Nauli ya boda ndiyo faida ya kitenge kimoja. Tukapanda kilima, tukashuka, tukapanda kingine, saluni kwa saluni, ofisi kwa ofisi, akiwajua walinzi wa milangoni kwa majina na kujua nani anapendelea soda na nani anapendelea salamu tu. Makarani wa kike ndio wateja wake wazuri. Wanachukua leo, wanalipa nusu mwisho wa mwezi, nusu mwezi unaofuata, na yeye ana kidaftari chenye majina na madeni. Hesabu anaifanya kwa Kifaransa, akilini, midomo ikichezacheza. Bei anaitaja kwa Luganda, mteja anamjibu "nnyabo, kendeezaako", apunguze, na yeye anapunguza huku akimwapia Mungu kwamba amepata hasara.

Hofu yake kubwa ni askari wa jiji. Kuuza barabarani bila leseni ni kosa, leseni ni ghali kwa mtu wa mzigo wa mkopo, na wakikukamata unapoteza vitenge ambavyo hata si vyako. Mara mbili tulibadilisha njia bila yeye kusema kwa nini. Niliona tu kwamba anatazama viatu vya watu walio mbele kabla ya kutazama nyuso zao; viatu vya askari anavijua.

Mchana tulikula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, tukiwa tumesimama. Nilitaka kumnunulia rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, akasema atampelekea mtoto wake mdogo nyumbani. Siku hiyo aliuza viwili na kukusanya madeni matatu. Kwa maneno yake, siku nzuri.

Alikuwa muuguzi kule kwao. Vyeti anavyo, kwenye bahasha ya nailoni, vyote kwa Kifaransa. Kuvithibitisha hapa kunataka pesa na Kiingereza, na ukikosa kimoja hicho kingine hakikusaidii. Kiingereza anajifunza jioni. Kuna chama kinaitwa YARID, vijana wa Kikongo walikianzisha hapa mwaka 2007, kinafundisha Kiingereza na kazi za mikono, na mapadri Wajesuiti nao wana madarasa yao. Darasani, ananiambia, hukaa mwalimu wa hesabu wa Goma, fundi magari wa Bunia na mke wa askari ambaye hakuna anayemuuliza mumewe alikuwa upande gani. Kuna mambo hayaulizwi. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, walikuja wapya, na ndugu walianza kupimana kwa makabila mpaka kwenye foleni ya maji. Makanisa mengine yamegawanyika kimyakimya.

Watoto wake ndio wenye mji. Wanaongea Luganda ya mtaani, Kiingereza cha shule, na Kiswahili wakitaka pesa. Shule za msingi za serikali zilifutiwa ada mwaka 1997, lakini sare, vitabu na chakula cha mchana bado ni mzigo. Wa kwanza ameshakataa kuitwa Mkongo. Mama alinisimulia hilo akicheka, na mimi sikujua kama nicheke.

Wifi, nikuonye kuhusu Kiswahili, maana utakuja na hicho kiburi chetu. Kiswahili ni lugha ya pili rasmi kwenye katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Ya makaratasi ni hayo. Barabarani, watu wa makamo bado wanakikumbuka kama lugha ya askari waliogonga mlango usiku, na ukimwamkia mtu "shikamoo" ukitegemea "marahaba" utabaki unangoja. Isipokuwa Kikuubo, ile njia nyembamba ya maduka ya jumla iliyo katikati ya mji. Pale Kiswahili kinapanda bei, kwa sababu wateja wanatoka Goma, Juba na Nairobi, na muuzaji asiyekijua analala na mzigo. Mkongo mwenye Kiswahili na Kifaransa akipata kazi ya ukalimani pale, ametoka.

Kisenyi nilikwenda mara moja nikanunue ubani na kula wali wa mbuzi. Wasomali hapo wana hoteli, maduka ya kutuma pesa na mabasi, na vituo vingi vya mafuta unavyoviona mjini ni vyao. Walipata shida baada ya mabomu ya Julai 2010, yaliyoua watu 74 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mojawapo hapa Kabalagala. Kila Msomali alikuwa mtuhumiwa kwa muda. Lakini biashara zao zimesimama, na wanaajiri Waganda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahi kuhesabu, wakaandika mwaka 2014 kwamba kati ya wakimbizi wa Kampala, asilimia 21 walikuwa na biashara zenye mwajiriwa walau mmoja, na wanne katika kila waajiriwa kumi walikuwa wenyeji. Mwambie kaka takwimu hiyo siku akianza tena hotuba yake ya wageni kunyang'anya watu kazi.

Na Marekani? Ah, Marekani ipo kwenye kila mazungumzo. Miaka mingi njia ya kutokea ilikuwa hiyo: unasajiliwa, unahojiwa, unahojiwa tena, unapimwa kifua, unangoja hata miaka kumi, kisha unaitwa. Wakongo wamejaa Lexington kule Kentucky, Grand Rapids, na Portland ya Maine kwenye theluji. Jambo lililonichekesha ni kwamba huko, kwenye nchi ya uhuru, mji hauchaguliwi na moyo wako. Kama huna ndugu aliyetangulia, shirika linakupangia, unashushwa uwanja wa ndege na jamaa mwenye bango. Kampala, pamoja na umaskini wake, mtu amekuja mwenyewe na namba yake ya simu. Sasa hata huo mlango umefungwa: tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisimamisha upokeaji wa wakimbizi siku ileile ya kuapishwa, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Nimeambiwa kuhusu familia zilizokuwa zimeshauza magodoro. Wapo wanaoendelea kungoja, hawaanzishi biashara, hawajifunzi Luganda, wanaishi kana kwamba wako kituoni. Hao ndio wanaopata taabu kuliko wote hapa, na sisemi hivyo kwa kuwahukumu.

Jumapili nilikwenda kanisani nao, Katwe. Ibada ilianza saa tatu, nikatoka saa nane na kwaya bado. Kiswahili cha Kivu, Lingala kidogo, Kifaransa kwa matangazo ya heshima. Wanawake wamevaa, wifi, wamevaa! Hivyo vitenge vyote wanavyotembeza wiki nzima kwenye jua, Jumapili wanavivaa wao, mikono ya mapuli, vilemba virefu, na hapo nikaelewa kwa nini Waganda wanaotaka nguo ya harusi wanamtafuta fundi Mkongo. Baada ya ibada kulikuwa na sombe, ambayo ni kisamvu chetu, na ndakala, yaani dagaa, na bugali wa muhogo. Mchungaji akatangaza mwenye chumba kinachobaki wazi Masajja, fundi anayetafuta msaidizi, na mgonjwa aliyeko hospitali ya Mulago anayehitaji damu. Tangazo hilo ndilo lililonionyesha mji unavyoendeshwa kuliko ofisi yoyote niliyopita mbele yake.

Sasa ushauri wangu kwa binti. Karatasi zake tusizijadili humu baruani. Dada yake sijamwona, Kampala si Mwanga, ila wanawake wa pale kanisani wanamfahamu na yuko Ndejje. Kama dada ana nafasi chumbani, aje. Mikono ya kushona hapa inalipwa. Aje na pesa ya kodi ya miezi mitatu, hata kama watachangia, kwa sababu ukianza na deni la nyumba hutoki. Cherehani asibebe, zipo za kukodi. Abebe mkasi wake. Akifika aende kujiandikisha bila kuchelewa na kwa mwenyekiti wa LC1 apate barua, ni kama kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, na muhuri wake una bei. Tarakimu za Luganda aanze kujifunza ndani ya basi. Na akisema anakuja Kampala ili angoje Marekani, mzuie, akae hapohapo Kigoma.

Jambo la mwisho, na usinikasirikie: lile gauni lako la Idi alilokushonea huyo binti, bado hujamlipa. Mlipe wiki hii, ndiyo nauli yake.

Wasalaam,
Wifi yako